Kikombe Kilichokataa Kuoza

Masomo ya kusoma kwanza: Yn 6:1-13, Yn 12:24, 1 Kor 15:35-44.



Wiki hii ilikuwa zamu ya fadhila ya kiasi, lakini naomba tuiahirishe. Nina deni la kulipa kwanza, na deni lenyewe linahusu vikombe.

Mwaka jana, kwenye sikukuu ya somo wa parokia ninakofanyia mwaka wangu wa kichungaji hapa Ifakara, vijana wa VIWAWA tulipewa kazi ya vinywaji. Watu walikuwa wengi, togwa ndoo kwa ndoo, na vikombe vya plastiki vya mwaka uliotangulia bado vilikuwa vimeziba mtaro wa nyuma ya ukumbi. Mimi nikajifanya mjuaji. Nilikuwa nimesoma mtandaoni habari za plastiki inayotengenezwa kwa sukari ya mimea, plastiki inayooza. Nikaagiza maboksi mawili kutoka Dar es Salaam. Bei yake usiulize, na hela ilitoka kwenye mfuko wa vijana. Siku yenyewe ilipofika, wakati wa matangazo, nikasimama mbele ya waamini nikasema kwa kujiamini kabisa kwamba vikombe hivi vinaoza kama jani la mgomba, ukimaliza kunywa nenda kavifukie bustanini kwako.

Wengi walicheka wakavitupa kama kawaida. Ila mama mmoja mzee, anayelima mchicha na matembele pembezoni mwa mji, aliniamini. Aliokota vikombe kama sitini, akavifukia kwenye matuta yake viwe mbolea. Miezi minane baadaye akanipigia simu: "Frateri, Tumsifu Yesu Kristo. Njoo uone mbegu zako, mwanangu."

Nilikwenda. Jembe lilikuwa linavitoa kimoja kimoja, vizima. Ukisuuza unanywea. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mimi nilidhani Frateri akisema mbele ya altare, basi ni kweli." Nimefanya mitihani mingi ya falsafa, sijawahi kukosa jibu kama siku ile.

Nikarudi kusoma, safari hii taratibu. Nawaandikia nilichokipata, kwa sababu baadhi yenu mlinunua vikombe hivyohivyo kwa sababu yangu.

Rozari ndefu

Plastiki ni polima, na polima unaweza kuiwazia kama rozari. Punje moja ni kitu kidogo, mara nyingi kimiminika au gesi. Ukiunganisha punje maelfu kwa mstari, unapata kitu kigumu cha kushika. Swali la kuoza si swali la punje peke yake, ni swali la uzi unaoziunganisha: nani anaweza kuukata? Uzi wa ile mifuko iliyopigwa marufuku nchini kwetu tarehe 1 Juni 2019 ni kaboni kwa kaboni, mwanzo hadi mwisho. Wadudu wa udongo hawana meno ya kuukata. Jua linaweza kuuvunjavunja, lakini vipande vinabaki plastiki ileile, ndogo zaidi, hadi viingie kwenye samaki.

Vikombe vyangu vilikuwa na uzi mwingine. Vimetengenezwa kwa asidi ya laktiki, ambayo Msweden Carl Wilhelm Scheele aliitenga kutoka kwenye maziwa yaliyochacha mwaka 1780. Asidi hiyo unaijua vizuri kuliko unavyodhani. Ndiyo inayoipa togwa uchachu wake. Bibi anakoroga uji, anatia kimea, anaacha bakteria wafanye kazi usiku kucha. Kiwandani wanafanya jambo linalofanana na hilo kwa sukari ya mahindi au ya miwa, wanakusanya asidi, halafu wanaziunganisha punje zake ziwe mnyororo unaoitwa PLA. Kwa hiyo siku ile ya sikukuu kikombe na togwa iliyokuwa ndani yake walikuwa ndugu.

Uzi wa PLA unakatwa na maji. Hilo ni kweli, na ndilo nililolisoma. Nisichokisoma ni kwamba maji yanahitaji kupenya katikati ya minyororo kwanza, na minyororo hiyo imeganda imara mpaka joto likaribie nyuzi 60 za Selsiasi. Hapo inalegea, maji yanaingia, yanaikata vipande vifupi, kisha bakteria wanamalizia. Ndiyo maana inaozeshwa kwenye marundo makubwa ya mboji ya kiwandani, yanayotunzwa katika joto hilo kwa wiki nyingi. Tuta la mchicha linalomwagiliwa asubuhi na jioni halifikii hapo, hata kwenye joto la Ifakara la mwezi wa kumi na moja. Na nilipoliangalia tena boksi, maneno hayo yalikuwepo, kwa herufi ndogo, pembeni chini. Muuzaji hakunidanganya. Mimi ndiye nilisoma neno moja la kwanza nikaenda nalo altareni.

Kuna jambo lilinishangaza zaidi. Nyuzi zile za kushonea kidonda zinazoyeyuka zenyewe mwilini, nyingi zimetengenezwa kwa ndugu wa vikombe hivihivi: asidi ya laktiki imechanganywa na asidi nyingine iitwayo glaikoliki. Mchanganyiko huo maji yanaukata hata katika joto la mwili, nyuzi 37, na baada ya wiki kadhaa uzi umekwisha wakati kidonda kimeshashika. Mkemia alichagua punje na uwiano wake ili kitu kife kwa wakati unaofaa. Kikiwahi, kidonda kinafunguka. Kikichelewa, kimekuwa mzigo mwilini.

Kwa hiyo tusiseme kwamba kudumu ni ubaya. Profesa Rudolf Geigy, aliyeanzisha hapa Ifakara mwaka 1957 maabara ya Waswisi ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, alitoka katika ukoo wa kampuni ya Geigy ya Basel. Kwenye kampuni hiyo Paul Müller aligundua mwaka 1939 kwamba DDT inaua wadudu. Uzuri wa DDT ulikuwa kudumu: ukiipuliza ukutani inaendelea kuua mbu kwa miezi. Na ubaya wake ulikuwa huohuo. Iliendelea kudumu mahali ambapo hakuna aliyeihitaji, kwenye mafuta ya samaki na ya ndege.

Kosa jingine ninaloliona kwetu vijana tunaopenda mazingira ni kudhani kwamba kilichotoka kwenye mmea lazima kirudi udongoni. Hapana. Ni maswali mawili tofauti, limetoka wapi na linaelekea wapi. Profesa Egid Mubofu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameandika kuhusu mafuta ya nyonyo na maganda ya korosho kama malighafi ya kemikali na polima badala ya petroli, na hiyo ni kazi ya kujivunia. Lakini kutoka kwenye mafuta hayohayo ya nyonyo viwanda vya nje hutengeneza nailoni ngumu ya mabomba, ambayo haiozi kabisa, na haikukusudiwa kuoza. Na ile mifuko mbadala tunayobebea mchele sokoni, inayoonekana kama kitambaa? Mingi ni polipropilini. Ni plastiki yenye sura ya kitambaa. Itumie mara mia, usiiite kitambaa.

Jivu la angani

Sasa nije kwenye sehemu iliyonifurahisha, yaani hewa ya ukaa, ile kabonidayoksaidi ya darasani.

Jan Baptist van Helmont, daktari Mkatoliki wa Brussels aliyefariki mwaka 1644, alipanda mche wa mti wenye uzito wa ratili 5 kwenye udongo mkavu wa ratili 200. Miaka mitano akamwagilia maji tu. Mwisho mti ulikuwa na ratili 169 na kitu, na udongo ulikuwa umepungua wakia 2 hivi. Akahitimisha kwamba mti wote umetokana na maji. Amekosea, na kosa lake linauma kwa sababu moja: yeye mwenyewe ndiye aliyeanzisha neno gesi, na yeye mwenyewe alitambua kwamba hewa inayotoka kwenye mkaa unaowaka na ile inayotoka kwenye mvinyo unaochachuka ni moja. Alikuwa na jibu mkononi. Mti ulikuwa umekula hewa.

Simama barabarani mwezi wa tano uangalie mpunga kuanzia mjini kwenda mto Kilombero. Sehemu kubwa ya uzito mkavu wa ule mpunga ilikuwa hewa kabla ya msimu. Udongo na maji vimetoa mchango wao, lakini kaboni yote ya punje imetoka angani. Sisi tunaokula wali tunakula hewa iliyofungwa na jua.

Kwa nini basi mkemia asifanye vilevile, achukue hewa ya ukaa atengeneze plastiki? Ugumu ni kwamba hewa ya ukaa ni jivu. Ni kaboni iliyokwisha kuungua, haina hamu tena ya kuungana na chochote. Iko bondeni kabisa, kama maji ya Kilombero yaliyoshuka Udzungwa yakatulia kwenye mbuga. Ukitaka kuipandisha, lazima mtu alipe gharama ya kupanda.

Mwaka 1969 huko Japani, Shohei Inoue na wenzake walipata njia. Walichukua hewa ya ukaa wakaikutanisha na epoksaidi, molekuli yenye pete ya pembe tatu iliyokunjwa kwa nguvu, kama mti wa mtego uliopindwa ukisubiri kufyatuka. Nguvu ya kupanda ikatoka kwenye huo mtego. Kichocheo kilikuwa mchanganyiko wenye zinki, madini yaleyale yanayopakwa kwenye mabati ya nyumba zetu. Punje moja ya epoksaidi, punje moja ya hewa ya ukaa, kwa zamu, mnyororo mrefu. Kwa ile iliyo maarufu zaidi, piga hesabu ya form three: hewa ya ukaa 44, epoksaidi ya propilini 58, jumla 102. Yaani karibu asilimia 43 ya uzito wa plastiki hiyo ni hewa.

Kichocheo cha Inoue kilikuwa kizembe, kilifanya kazi polepole mno. Miaka karibu thelathini baadaye Geoffrey Coates wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wanafunzi wake walitengeneza vichocheo vya zinki vilivyo na kasi kubwa zaidi, na wameshughulikia pia mnyororo wa asidi ya laktiki. Uingereza, Charlotte Williams wa Oxford ameendelea na kazi ya namna hiyohiyo. Si muujiza. Epoksaidi yenyewe kwa kawaida inatoka kwenye petroli, na plastiki zote za dunia zikitengenezwa hivyo bado zitameza sehemu ndogo tu ya moshi wetu. Lakini mimi nawaheshimu watu waliokaa na kitu kisichotaka kuungana na chochote kwa miaka mingi hivyo, wakijaribu kichocheo kimoja baada ya kingine.

Na hewa hiyo haiko mbali nasi. Panda basi mpaka Kidatu, kwenye mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari, ambako molasesi huchachushwa kuwa spiriti. Chachu inapokula kilo 100 za glukosi, kwa hesabu ya kemia inatoa kilo 51 hivi za spiriti na kilo 49 za hewa ya ukaa. Karibu nusu ya sukari inatoka kama mapovu. Kila niendapo Morogoro nikipita pale nafikiria ile nusu.

Kwa hiyo kichocheo hufanya nini hasa? Hapa nina sahihisho jingine. Kwenye semina ya Kwaresima niliwaambia kwamba neema ni kama kichocheo: inaharakisha mema ndani yetu bila yenyewe kuisha. Mlipiga makofi. Naomba mnirudishie.

Mwanzo wa safari ni Ifakara, mwisho ni Mahenge, katikati kuna mlima. Kichocheo hakiiteremshi Mahenge. Kinakuonyesha njia inayopita chini zaidi kati ya vilima, kwa hiyo wengi wanafika na wanafika mapema. Lakini hakimfikishi mtu mahali ambapo hata bila chenyewe asingeweza kufika, kwa muda mrefu wa kutosha. Na si kweli kwamba kinasimama pembeni kikitazama. Kinashikana na molekuli, kinabadilika, kinaachia, kinarudi kama kilivyokuwa. Kinaweza hata kupewa sumu kikafa. Waliosoma Aristotle pamoja nami watakumbuka jinsi tulivyotaka kukifanya kuwa mfano wa Msukumaji asiyesukumwa. Kichocheo kinasukumwa sana tu.

Neema ni kitu kingine. Mtakatifu Tomaso anafundisha kwamba neema haiondoi maumbile bali huyakamilisha, na kuyakamilisha kwenyewe ni kuyapeleka mahali ambapo nguvu zake zisingefika, hata ungeyapa miaka elfu. Hakuna njia ya chini kati ya vilima inayotufikisha kumwona Mungu. Kama mnataka mfano wa kemia, jua juu ya mpunga ni afadhali: linaleta nguvu ambayo haikuwepo. Hata huo nao ukiuvuta sana unakatika.

Swali la dada mmoja

Tulipokaa kujadili mambo haya kwenye mkutano wa VIWAWA nilisema, nikiwa nimepamba moto, kwamba kuoza ni ukarimu wa vitu. Bonde letu ni tajiri kwa sababu kila mwaka mafuriko yanaleta tope la vilivyokufa huko milimani. Jani likikataa kuoza linaninyima mchicha. Nikataja Yn 12:24, ile punje ya ngano ambayo isipokufa inabaki peke yake.

Dada mmoja aliyemaliza form six akanyoosha mkono. "Frateri, sawa. Ila Mtume Petro siku ya Pentekoste anahubiri kwamba mwili wa Bwana haukuona uharibifu. Na sisi tunangoja mwili usioharibika. Sasa kuoza ni kuzuri au ni kubaya?"

Kimya. Nikaomba wiki moja, na sioni aibu kuwaambia hivyo.

Jibu nililorudi nalo ni hili, mlipime. Paulo katika 1 Kor 15 anatumia mbegu ileile. Mwili usioharibika anaouzungumzia umepita udongoni, hauji kwa kukwepa kaburi. Bwana mwenyewe alikufa kweli, alizikwa kweli. Kutoharibika kwake ni ushindi upande wa pili wa kifo, na tena ni zawadi ya Baba, si ugumu wa mwili uliogoma. Mfuko uliofukiwa haujashinda chochote. Haufi na hauishi. Hautoi kitu, haupokei kitu, unakaa tu peke yake kama ile punje ya Yohane ambayo haikukubali. Nadhani ndiyo sababu unatuchukiza hata kabla hatujasoma kemia: unaigiza umilele bila kupita Ijumaa Kuu.

Yule dada akauliza tena, "Na kikombe chako, Frateri, ambacho kingekufa kama kingepata joto?" Watu wakacheka. Nikamwambia hicho kinanifanana. Alinielewa, naamini.

Jambo la mwisho ni kwenye Yn 6:12. Watu elfu tano wameshiba, muujiza umekwisha, na Bwana anawaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki kisipotee kitu. Nimesikia mahubiri mengi juu ya mikate mitano, machache juu ya vikapu kumi na viwili. Aliyeweza kuzidisha mkate bila gharama ndiye anayehangaika na masalia! Sisi kwenye sikukuu yetu tulizidisha vikombe, kukusanya tukawaachia wenye matuta.

Nilimweleza Baba Paroko yote. Nilitegemea aniambie niandike barua kwa yule mama, yaishe. Akasema, "Frateri, ulisema hadharani, utasahihisha hadharani." Jumapili iliyofuata nikasimama palepale, nikaeleza habari ya nyuzi 60 na herufi ndogo, nikaomba radhi. Sauti ilitetemeka, hata sijui walielewa kiasi gani kuhusu asidi ya laktiki. Baada ya Misa tulikwenda vijana kumi na mmoja kwa mama, tukachimba matuta yote. Tulipata vikombe hamsini na saba. Tuliwahesabia waamini vyote.

Sasa tuna jaribio letu nyuma ya ukumbi. Tumefukia vitu vinne, kila kimoja na kijiti chake: jani la mgomba, kikombe kimoja katika vile hamsini na saba, kipande cha mfuko mbadala, na kipande cha kiroba cha sandarusi. Jani lilikwisha zamani, tulipofukua kwa mara ya kwanza tukakuta mishipa tu. Tutafukua tena Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, saa tatu asubuhi. Mama amesema atakuja na jembe lake, na kwamba kwenye sikukuu ya mwaka huu togwa itanyweka kwa vikombe vya bati vilivyo kabatini kwa WAWATA, na Frateri atakuwa mmoja wa waoshaji.